Apu ya Biblia ya YouVersion: nzuri sana, ila iangalie isikae mahali pa Yesu

Bwana asifiwe wapendwa. Leo naongelea apu ya Biblia ya YouVersion, ile yenye picha ya Biblia ya kahawia na utepe mwekundu, najua wengi mnayo kwenye simu na wengine mnaifungua kila asubuhi. Sitaipima kama watu wanavyopimaga apu, eti inafunguka haraka, eti muonekano mzuri, hayo yapo na nitayagusa kidogo. Mi nataka kuipima kwa swali moja: mtu akimaliza kuitumia akaiweka simu chini, je amesogea karibu na Kristo au ameongeza tu kitu kingine cha kidini kwenye siku yake? Kwa sababu sasa hivi vitu vya kidini ni vingi mno, mahubiri mafupi mafupi, maombi ya laivu, manabii wa mtandaoni, picha zenye maandiko, na mtu anaweza akashinda kutwa nzima ndani ya hivyo vyote na Yesu mwenyewe hajamfikiria hata dakika tano.

Kwanza historia kidogo. Apu hii ni ya kanisa la Life.Church la Marekani, na mtu aliyeianzisha anaitwa Bobby Gruenewald. Ilianza kama tovuti, halafu mwezi Julai 2008 Apple walipofungua duka lao la apu hii ikawa miongoni mwa apu za bure za mwanzo kabisa kuwepo pale. Mwaka 2021 ikavuka mara milioni 500 za kupakuliwa, na Biblia zilizomo (nyingine nzima, nyingine sehemu tu) zipo kwa lugha zaidi ya 2,000. Ni bure, na haina matangazo ya biashara. Hili la matangazo mi naliona kubwa kuliko watu wanavyolichukulia, maana kuna apu za Biblia ambazo upo katikati ya Zaburi ya 51, unatubu kabisa na moyo umevunjika, linakurukia tangazo la mkopo au la kubeti. Hapa hicho kitu hakipo, wanaojitolea sadaka ndo wanaobeba gharama, na Mungu awabariki kwa hilo.

Kwa Kiswahili utakuta Union Version ambayo wengi tumekaririshwa mistari yake tangu Sunday school, utakuta Habari Njema, utakuta Neno. Unaweza kuweka tafsiri mbili ukasoma kwa kulinganisha, na kwa nyaraka za Paulo zile sentensi ndefu zisizoisha hii inasaidia mno, sehemu ambayo umeisoma miaka yote bila kuielewa vizuri unaiona imefunguka. Kutafuta mstari ni rahisi, kupiga rangi ni rahisi, kuandika notisi pia. Haya sina haja ya kuyarefusha, yanafanya kazi inavyotakiwa.

Ninachotaka kukisifia kwa sauti ni sauti yenyewe, yani ile sehemu ya kusikiliza. Watu wanaichukulia kama kitu cha wavivu au cha wakati wa kufua, lakini hebu fikirieni, Wakolosai waliupokeaje ule waraka? Waliusikia. Paulo anawaambia kabisa mwishoni kwamba waraka huu ukiisha kusomwa kwenu fanyeni usomwe na kwa Walaodikia pia. Hakuna mtu aliyekuwa na nakala yake mfukoni amepiga rangi mstari mmoja anaoupenda, walikaa pamoja wakausikia wote kuanzia salamu mpaka "vikumbukeni vifungo vyangu". Wakolosai ina sura nne tu, ukiiweka kwenye sauti ni kama robo saa hivi imeisha. Na ukiisikia yote kwa mkupuo unaona kitu ambacho ukisoma vipande vipande hukioni, kwamba huyu mtu haachi kumtaja Kristo, kila anachokigusa, iwe ndoa, iwe watumwa na mabwana, iwe maombi, anakirudisha kwa Kristo. Kama apu hii ingekuwa na hiyo sehemu ya sauti peke yake bado ningesema ipakueni.

Sasa twende kwenye mstari wa siku. Hapa ndo watu wengi wanaishia, simu inalia asubuhi, mstari unatokea, unasema amina, unaushea kwenye stetasi, siku inaendelea. Sisemi ni vibaya kupata mstari asubuhi, wapo watu mstari mmoja umewashika mkono siku ngumu na Mungu anatumia hata nusu mstari akitaka. Lakini tukumbuke hizi namba za mistari hazikuwepo tangu mwanzo. Sura tulizonazo zinahusishwa na Stephen Langton, askofu mkuu wa Canterbury miaka ya 1200, na namba za mistari ya Agano Jipya tunazotumia leo ziliwekwa na mchapishaji Robert Estienne mwaka 1551. Ziliwekwa ili mtu aweze kupapata mahali haraka. Kumbe sisi tumechukua namba zilizowekwa kwa ajili ya kutafutia tukazifanya ndo kipimo cha chakula, mstari mmoja kwa siku, na mara nyingi ni ule ule mtamu.

Chukua Yeremia 29:11, nadhani hakuna mstari unaowekwa kwenye picha ya machweo kuliko huu. "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya." Mtu anausoma anafikiria kazi mpya, mchumba, visa. Sasa panda juu mstari mmoja tu, wa 10, unakuta miaka sabini! Hii ni barua kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli, na wanaambiwa jengeni nyumba, pandeni bustani, ozesheni watoto wenu, uombeeni amani mji huo huo uliowateka, maana hamrudi kesho. Tena kwenye sura hiyo hiyo Mungu anawaonya wasiwasikilize manabii na waaguzi walio kati yao, na sura iliyotangulia ina nabii Hanania aliyekuwa anawatangazia miaka miwili tu mambo yatakuwa yameisha. Yani ukiusoma mzima huo ujumbe unawakemea kabisa watu wanaouza muujiza wa haraka, na sisi tunaukata tunaufanya ndo tangazo la muujiza wa haraka. Wafilipi 4:13 hivyo hivyo, "nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu", ukianzia mstari wa 11 unakuta Paulo anaongelea kujifunza kuridhika, kushiba na kuona njaa, na yuko kifungoni wakati anaandika. Mambo yote anayoyaweza ni pamoja na kukosa.

Kwa haki ya waliotengeneza, apu inakuruhusu, ukigusa rejea ya ule mstari inakupeleka kwenye sura yake. Kwa hiyo njia ipo, ni kidole tu. Ushauri wangu kwa yeyote anayetumia mstari wa siku: fanya hiyo kuwa sheria, usishee mstari ambao hujasoma sura yake. Hili peke yake litabadilisha grupu zetu nyingi sana za maombi.

Mipango ya kusoma (ile wanayoiita plan). Hapa pana hazina na pana takataka, na nasema takataka kwa uchungu kwa sababu vyote vimewekwa kwenye rafu moja na picha nzuri zinazofanana. Ipo mipango ya siku tatu, tano, saba, ipo ya mwaka mzima. Waandishi ni wengi, wachungaji, huduma, wanamuziki, na kila mmoja na theolojia yake. Mwingine anakupitisha Marko sura kwa sura na maelezo mafupi, unatoka umemuona Yesu anavyotembea kuelekea msalabani. Mwingine ni siku saba za "kufungua uwezo wako", kila siku mstari mmoja juu, halafu aya nne zinazokuongelea wewe, ndoto zako, maadui zako, msimu wako, na ukijaribu kuufuta ule mstari wa juu maelezo yanabaki vile vile hayajapungukiwa kitu. Yangeweza kusemwa na mtu asiyemjua Mungu kabisa kwenye semina ya biashara.

Kwa hiyo mimi nina kipimo na nawapa bure. Kabla ya kuanza mpango soma siku ya kwanza na ya mwisho. Angalia Yesu ametajwa kama nani. Je ni Mwokozi aliyekufa na kufufuka, au ni mtu wa kukusaidia kufika unakotaka kufika? Angalia kama dhambi na toba vinatajwa hata mara moja. Angalia maandiko unayopewa kusoma ni marefu kuliko maelezo ya mwandishi au ni mstari mmoja wa kupambia. Kama kila siku ni wewe, wewe, wewe, achana nao, tafuta mwingine, iko mingi. Na kama una moyo wa kusoma Biblia nzima, tafuta ule utaratibu wa Robert Murray M'Cheyne, mchungaji wa Dundee, Scotland, aliyewapangia washirika wake mwaka 1842, unasoma Agano la Kale mara moja, Agano Jipya na Zaburi mara mbili kwa mwaka. Yeye alifariki mwaka uliofuata akiwa na miaka 29 tu, lakini watu bado wanausoma mpaka leo. Ni mzito, sura kama nne kwa siku, ila hauna nafasi ya kukubembeleza, unakutana na Neno lenyewe, hata Walawi, hata zile koo za Mambo ya Nyakati.

Na hapa naomba nikae kidogo maana ndo kiini cha kilichonifanya niandike. Watu tukisikia "vitu vinavyotutoa kwa Kristo" tunawaza muziki wa dunia, tamthilia, mpira, kuskroli usiku kucha. Ni kweli, hivyo vipo na vinakula muda. Ila soma Wakolosai sura ya pili uone ni nini kilikuwa kinawatoa wale watu. Vyakula na vinywaji, sikukuu, mwandamo wa mwezi, sabato, kuabudu malaika, mtu kujisifia maono aliyoyaona, na zile amri za msishike, msionje, msiguse. Vyote ni vya kidini! Hakuna disko hapo. Na Paulo anakubali kabisa kwamba mambo hayo yanaonekana kana kwamba yana hekima. Shida yake na mtu wa namna hiyo ni moja, anasema "wala hakishiki Kichwa". Kichwa ni Kristo. Mtu anaweza kuwa amejaa mambo ya kiroho mpaka yanamwagika na Kichwa amekiachia.

Sasa angalia ya kwetu leo. Namba za malaika, eti ukiona 11:11 kwenye saa kuna ujumbe wako. Nyota za kuzaliwa zimevalishwa lugha ya kinabii. Kutamka mpaka kitokee, kana kwamba maneno yetu ndo yanaumba. Mafuta na maji na vitambaa vya upako vinavyouzwa. Mtu wa Mungu fulani ambaye watu wanajua siku yake ya kuzaliwa na mafundisho yake yote lakini ukiwauliza Wagalatia inahusu nini wanakutazama. Na sasa zimekuja programu za akili bandia unazochati nazo zikijibu kama vile ni Yesu anaongea, hiyo mi naiogopa kuliko zote, kwa sababu mashine inakujibu unachotaka kusikia na unaondoka na amani ambayo Bwana hajakupa. Vyote hivi havikuambii umkane Kristo. Vinakuongezea tu kitu pembeni yake, halafu pole pole kile cha pembeni kinasogea katikati.

Ndo maana sitaki hata apu nzuri kama hii ipone bila kuulizwa. Kuna ile hesabu ya siku mfululizo na zile beji. Naelewa wazo lake, inamsaidia mtu kujenga mazoea na wapo ambao bila hiyo wasingefungua Biblia kabisa. Lakini hesabu ina tabia ya kujigeuza kuwa lengo. Mtu anakumbuka usiku wa manane hajafungua apu, anafungua, anagusa, anafunga, namba imeongezeka, hajasoma kitu. Mwingine alikuwa anauguza mzazi hospitalini wiki nzima, anarudi anakuta namba imeanza upya anajisikia amerudi nyuma kiroho, wakati wiki ile pengine ndo aliomba kuliko miezi yote, kwenye benchi, bila simu. Yesu aliwaambia watu waliokuwa wanayajua maandiko kuliko sisi sote: "Mwayachunguza maandiko, kwa sababu mnadhani kwamba ninyi mna uzima wa milele ndani yake, na hayo ndiyo yanayonishuhudia. Wala hamtaki kuja kwangu mpate kuwa na uzima." Yohana 5. Kama mtu angeweza kuchunguza maandiko yenyewe akaishia njiani bila kufika kwake, si zaidi sana sisi wenye kuhesabu siku za kufungua apu?

Na kushea pia, ile picha ya mstari, marafiki wanaona umesoma nini, umemaliza mpango gani. Kutiana moyo ni vizuri, kuna ndugu wanasoma mpango mmoja wakiwa mbali mbali na wanaandikiana walichokipata, hiyo naipenda na naitumia. Ila pale ambapo hakuna mtu atakayejua umesoma ndo penye faida zaidi. "Ingia katika chumba chako cha ndani, na ukiisha kufunga mlango wako, usali mbele za Baba yako aliye sirini." Chumba cha ndani hakina kitufe cha kushea.

Tatizo kubwa lakini sio la apu, ni la nyumba inayokaa. Biblia hii inaishi ndani ya simu, na simu ni soko. Unasoma Luka 10, Martha anahangaika na mambo mengi, Mariamu amekaa miguuni, na juu ya skrini unashuka ujumbe wa grupu la familia, picha ya nani kaolewa, komenti ya mpira. Ukigusa umeenda, ukirudi baada ya nusu saa humkumbuki Martha. Kwa hiyo namna ya kuitumia inahitaji nidhamu: shusha tafsiri yako isomeke bila intaneti (zipo zinazoruhusu), zima data kabla hujafungua, weka simu isisumbue, na notifikesheni za apu yenyewe acha moja tu au usiache kabisa. Na ibada ya nyumbani, kama mna Biblia ya karatasi, tumieni ya karatasi. Mtoto akimuona baba ameshika simu hajui kama anasoma Isaya au anaangalia matokeo ya mechi, akimuona ameshika Biblia anajua. Hili kwangu ni zito sana, watoto wanajifunza kilicho katikati ya nyumba kwa kuangalia mikono yetu iko wapi.

Kwa watoto wenyewe wana apu nyingine ya kwao, ilitoka 2013, hadithi za Biblia zenye picha zinazocheza ukizigusa. Imetengenezwa vizuri na hadithi zimepangwa kuanzia uumbaji kuelekea kwa Yesu, sio hadithi zilizotawanyika tu za Daudi kampiga jitu. Kaa naye lakini, usimpe simu ukaondoka, muulize Yesu yuko wapi kwenye hii.

Nyota ngapi? Naipa nne kati ya tano. Kwa Biblia ya bure, kwa lugha nyingi hivi, bila matangazo, kwa sauti, ingestahili tano na zaidi, na namwambia kila mtu asiye na Biblia aipakue leo leo. Ile moja nimeizuia kwa sababu ya mipango kuchanganywa mizuri na mitupu bila mtu mchanga kwenye imani kuweza kutofautisha, na kwa hizo hesabu za siku. Wakiweka sehemu ya kuificha hesabu kabisa kwa anayetaka, na wakiipandisha juu mipango inayosomesha vitabu vizima vya Biblia iwe ndo ya kwanza mtu mpya kuiona, nairudisha hiyo nyota siku hiyo hiyo.

Mwenye kuanza leo na hajui pa kuanzia, fungua Wakolosai, weka sauti, zima data, usikilize zote nne bila kusimamisha. Kesho yake rudia sura ya kwanza kuanzia mstari wa 15 mpaka wa 20, taratibu, uone mara ngapi Paulo anasema "vitu vyote" na ni nani anamweka mbele ya hivyo vyote.